Kabla hujamruhusu mtoto kwenda korongoni, uliza mvua imenyesha wapi

Ujumbe uliingia kwenye grupu la wazazi saa mbili usiku, wakati mama huyo wa Hale akihesabu machungwa yaliyobaki kwenye beseni baada ya kutwa nzima ya kukimbizana na mabasi pale stendi. Shule ilikuwa inawapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kutembea kwa miguu katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, kabla ya likizo ya Juni. Nauli, kiingilio na chakula, Sh25,000. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa.

Binti yake alikuwa anaijua habari hiyo tangu mchana.

"Mama, tutashuka mpaka kwenye korongo la mto. Kuna mbega, kuna vinyonga wenye pembe. Mwalimu kasema tutafika mpaka kwenye maporomoko."

"Maporomoko ya nini? Hapa Hale hujayaona maji yakiporomoka?"

"Mama nawe! Haya ya hapa ya umeme."

Mama hakujibu. Watoto walipolala alichukua simu akaandika, kwa herufi za haraka haraka, maneno ya kutafuta habari za kutembea korongoni na watoto. Amani haikutokea mwanzo. Kilichotokea ni picha za Kenya, watu wakiendesha baiskeli kando ya pundamilia, watoto wamesimama kati ya kuta ndefu za mawe mekundu. Akavutiwa. Akaendelea kushuka na kidole, na huko chini akakutana na habari nyingine kuhusu korongo hilohilo. Alisoma mpaka bando likakata.

Asubuhi, kabla hata ya chai, alitoa hukumu.

"Huendi."

Korongo alilolisoma mama huyo lipo kweli, na kwa mzazi yeyote anayefikiria safari ya namna hii lina mengi ya kufundisha. Linaitwa Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu, karibu na Naivasha, mwendo wa kilometa 90 hivi kutoka Nairobi. Zamani sana, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo, maji yake yalitafuta njia ya kutokea upande wa kusini na yakauchimba mwamba mpaka ukabaki mfereji mrefu wenye kuta zilizosimama wima. Ziwa lilipopungua, mfereji ukabaki na vijito vyake na chemchemi za maji ya moto.

Mwaka 1883 mpelelezi Mjerumani, Gustav Fischer, alipita huko akitafuta njia ya kutoka pwani kwenda Ziwa Victoria. Wamaasai walimzuia, akageuza safari. Mnara wa mwamba wenye urefu wa meta 25 uliopo hapo bado unaitwa kwa jina lake, jambo la kuchekesha kidogo, kwa kuwa hapo ndipo safari yake iliposhindikana. Serikali ya Kenya ililitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Ni hifadhi ndogo, kilometa za mraba 68 tu, na jirani yake ni Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu mwaka 1981.

Kinachowavuta wazazi ni kwamba ni moja ya hifadhi chache ambazo mtu anaruhusiwa kushuka garini. Mtoto anatembea kwa miguu yake au anaendesha baiskeli, na pembeni kuna pundamilia, twiga, kongoni, swala na pofu. Nyati wapo pia, na hao hawachezewi. Juu ya majabali wanakaa pimbi, na nyani wanasubiri mtu aache mfuko wa mikate wazi. Wachoraji wa filamu ya katuni ya The Lion King, ya mwaka 1994, walitembelea huko kabla ya kuichora. Mzazi aliyeiangalia na wanawe anakumbuka yule simba mdogo akiwa peke yake ndani ya korongo, ametulia, kisha vijiwe vinaanza kutikisika, na juu ya ukingo wanatokea nyumbu wasiohesabika. Maji nayo huja hivyohivyo.

Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi walikuwa wanatembea ndani ya korongo hilo. Maji yakaja ghafla. Vijana saba walikufa. Miaka saba baadaye, Jumapili ya Septemba 1, 2019, kundi jingine la watalii lilikutwa humo na maji yaliyotokana na mvua kubwa ya upande wa juu. Walikufa watu saba tena, na mmoja wao alikuwa mwongozaji. Shirika la Wanyamapori la Kenya lililifunga korongo.

Hayo ndiyo mama huyo aliyasoma. Aliposema "huendi", hakuwa mama mkorofi.

Binti alinuna siku tatu. Jumamosi alipelekwa kwa bibi yake, ng'ambo ya mto, upande wa Handeni, kupeleka sukari na kurudi na mihogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekuwa kama mbingu ya masika?"

Binti akamwaga yote: korongo, mbega, wenzake waliokwisha kulipa, picha za Kenya, waliokufa. Bibi alisikiliza huku anamenya mihogo, wala hakusema neno. Jumapili mchana alipanda bodaboda akaja Hale mwenyewe.

"Umemkataza mtoto," alisema alipomaliza kunywa maji.

"Mama, korongo limeua watu saba. Halafu likaua saba wengine."

"Korongo limewaua, au maji?"

"Si yaleyale?"

"Si yaleyale. Wewe umekulia kwenye mto huu. Tulipokuwa tunakwenda kufua, nilikwambia uangalie nini?"

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akajibu kama mtoto wa darasa la kwanza: "Rangi."

"Na nini?"

"Majani mabichi."

Mzazi asiyekulia kando ya mto huenda asielewe mazungumzo hayo, ila watu wa Hale wanaelewa. Mto Pangani, ambao wazee wa huko wanauita Ruvu, haunyweshwi na mvua ya Hale peke yake. Maji yake yanaanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na huku chini yanaongezewa na mito ya Mkomazi na Lwengera inayoteremsha maji ya milima ya Pare na Usambara. Kwa hiyo inawezekana kabisa Hale jua linawaka, vumbi linatimka barabarani, na mto ukapanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha usiku huko Lushoto. Anayesubiri matone yadondoke kichwani mwake ndipo aondoke majini, amechelewa.

Kuna na mabwawa. Kituo cha umeme cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kimekuwapo tangu mwaka 1964, na chini yake kuna kile cha New Pangani Falls cha megawati 68, kilichokamilika mwaka 1995. Chini ya bwawa lolote, mawe yaliyo makavu asubuhi yanaweza kufunikwa mchana mageti yakifunguliwa. Ndiyo maana mzazi wa Hale mwenye akili zake hamwachi mtoto akacheze juu ya majabali ya mtoni, hata yawe makavu kiasi gani.

Korongo ni jambo hilohilo lililobanwa. Fikiria bati la nyumba wakati wa mvua. Paa ni pana, na kila tone linaloangukia juu yake linateremkia kwenye mfereji mmoja mwembamba. Mtu akisimama chini ya paa katikati ya nyumba haoni chochote cha ajabu. Akiweka ndoo kwenye mdomo wa mfereji, inajaa kabla hajageuka. Milima ya juu ndiyo bati. Korongo ndilo mdomo wa mfereji, na mtoto anayetembea ndani yake amesimama pale inapowekwa ndoo. Kwenye bonde pana maji yangetawanyika na kupanda taratibu. Kati ya kuta mbili hayana pa kwenda isipokuwa juu.

Dalili zake si nyingi, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuzishika zote. Maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Yanaanza kuelea majani mabichi na vijiti, ishara kwamba huko juu kuna kitu kimeng'olewa sasa hivi. Jiwe ulilolikanyaga ukivuka, sasa halionekani. Na kuna mngurumo, ambao watu waliowahi kuusikia huufananisha na lori linalopanda mlima. Ukiusikia huo, muda wa kujadiliana umekwisha. Unapanda juu pembeni, hapohapo ulipo, hata kama ni kwa magoti, hata kama mkoba umebaki chini. Kukimbia kufuata mto kuelekea chini ni kosa ambalo watu hulifanya kwa hofu. Maji yana mbio kuliko wewe.

Bibi hakuwa na habari ya Naivasha wala ya Fischer. Alichomwambia binti yake ni kifupi. "Usimkataze. Nenda kaulize."

"Nimuulize nani?"

"Huyo anayewapeleka. Muulize mlima alioko juu ya hilo korongo anauona au hauoni."

Jumatatu mama aliacha beseni la machungwa kwa jirani akaenda shuleni. Mwalimu wa zamu alimpokea vizuri, ingawa alionekana kutarajia mzazi wa kuomba apunguziwe. Mama akauliza maswali yake. Nani atawaongoza watoto, ni mtu wa hukohuko au ni mwalimu wa jiografia mwenye ramani? Wataingia bondeni saa ngapi? Mahali pa kutokea pembeni pako wapi? Watoto ni wangapi kwa mtu mzima mmoja? Na mvua ikinyesha mlimani, nani ana mamlaka ya kusema turudi?

Mwalimu aliyajibu mawili. Kwa hayo mengine alikuwa mkweli, akasema hajui. Jambo la kushukuru ni kwamba hakukasirika. Aliomba nafasi apige simu Amani, na jioni majibu yakaja kwenye grupu kwa wazazi wote. Wangekuwa na waongozaji wa hifadhi. Wangegawanywa makundi madogo, kila kundi na mwalimu wake. Na muda wa kuondoka ungebadilika kutoka saa mbili asubuhi kuwa saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa milimani huko mvua hupenda kushuka mchana, na mwongozaji alitaka watoto wawe wameshatoka kwenye njia ya mto kabla ya saa saba.

Hilo la alfajiri lilileta kelele. Mzazi mmoja aliandika kwamba watoto si wanajeshi. Mwingine akauliza chai watakunywa wapi. Hakuna aliyeuliza kuhusu mvua. Swali la mwisho la mama, la nani atasema turudi, nalo lilijibiwa kwa mstari mmoja uliopita bila kusomwa na wengi: uamuzi wa mwongozaji ndio wa mwisho.

Mama alilipa siku ya Alhamisi.

Safari yenyewe ilikwenda hivi, kwa maelezo ya binti. Basi lilipita Muheza kukiwa bado na giza, likaanza kupanda, na jua lilipochomoza walikuwa Sigi, kwenye lango la hifadhi. Pale pana nyumba ya zamani ya mbao, kituo cha reli ya Wajerumani. Reli kubwa ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902, na mwanzoni mwa karne hiyo wakajenga tawi dogo kutoka Tengeni mpaka Sigi ili kuteremsha magogo ya msituni. Mwaka huohuo wa 1902 walianzisha Amani taasisi ya utafiti na bustani ya mimea, wakaleta miti ya dunia nzima kuipima kama itastawi. Reli ya Sigi imebaki jina. Miti ipo, mingine minene kiasi kwamba wanafunzi sita walishikana mikono wasiimalize.

Hifadhi ya leo ilianzishwa mwaka 1997. Anayekwenda Amani akitafuta simba na tembo atarudi amekasirika, maana hawapo. Wanyama wa pale ni wa kutafutwa kwa macho na subira, jambo ambalo kwa watoto wa siku hizi ni zoezi zuri kuliko kukaa ndani ya gari na kuonyeshwa. Mwongozaji aliwataka wanyamaze dakika tano. Wakashindwa. Wakajaribu tena. Safari ya pili wakasikia matawi yakivunjika juu, na mbega wakapita, weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani kama wazee waliovaa shuka. Waliwaona hondohondo wawili, wakasikia mbawa zao kabla ya kuwaona. Waliona kinyonga mdogo kama kidole, mwenye rangi ya jani kavu, ambaye mwalimu alikuwa amekwisha kumpita. Mvulana mmoja aliapa ameona sange, kale kanyama kenye pua ndefu kama mkonga mdogo, lakini wenzake hawakumwamini.

Kisha njia ikaanza kushuka kuelekea kwenye maji. Huu ni Mto Sigi na vijito vyake, mto uleule unaojaza bwawa la Mabayani na kuwanywesha watu wa jiji la Tanga. Bonde linabana, kuta za mwamba zinakaribiana, hewa inakuwa ya baridi, na mawe yana utelezi wa kijani. Kwenye mwamba mmoja wenye kivuli mwongozaji aliwaonyesha kitu ambacho binti alikieleza nyumbani kwa mikono yote miwili: majani yenye manyoya laini na viua vya zambarau, vimeota kwenye jiwe tupu.

Ni ua lenye historia kubwa kuliko umbo lake. Ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi hii akalipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kutokana na jina la ofisa huyo. Leo aina zake zilizozalishwa mashambani zinauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, zinakaa madirishani kwa watu ambao hawatafika Tanga maisha yao yote. Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Huku kwetu, ambako ndiko kwao, limebaki kwenye miamba michache yenye unyevu, na likichumwa hapo halirudi upesi. Mwongozaji aliwaambia waangalie kwa macho. Msichana mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono, akaurudisha.

Walivuka kijito cha kwanza. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Saa nne na nusu walifika cha pili, na ng'ambo yake, kwa mujibu wa mwongozaji, kilikuwa kimebaki kipande kifupi tu kufika kwenye maporomoko. Sauti yake ilikuwa inasikika. Juu yao palikuwa na jua, miale inapenya kwenye majani.

Mwongozaji alisimama ukingoni. Akatazama maji, akatazama juu ya bonde, ambako kati ya miti kilele cha mlima kilikuwa kimefunikwa na wingu zito lililoshuka. Akachutama akaokota jani lililopita juu ya maji. Akalivunja.

"Bichi," alisema. "Tunarudi."

Watoto thelathini na kitu walilalamika kwa sauti moja. Mwalimu naye, ambaye ndiye aliyepokea fedha za wazazi na ndiye angewajibu, aliuliza kama haiwezekani wavuke haraka, wapige picha moja, warudi. Dakika kumi tu.

"Kuvuka tutavuka, mwalimu," alijibu mwongozaji. "Kurudi ndiyo sijui."

Wakarudi. Walikula wali wao Sigi saa sita, wengine wamenuna, na saa tisa basi lilikuwa limeshafika Hale.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Mwongozaji anayewaongoza watu waliolipa anabeba mzigo wa ziada usioonekana begani. Kila mmoja anataka afike mwisho, kwa kuwa mwisho ndio aliolipia. Mtalii anataka picha. Mwalimu anaogopa grupu la wazazi. Na mzazi, aliye mbali, amekwisha kumwambia mtoto "ulete picha ya maporomoko" bila kufikiri. Wote hao wanamsukuma mtu mmoja avuke kijito. Akikataa, na mafuriko yasije, hakuna atakayemshukuru, kwa sababu hakuna kilichoonekana. Atakumbukwa kama yule aliyewanyima watoto maporomoko.

Kwa hiyo maandalizi ya kweli yanaanza nyumbani, kabla ya viatu na chupa ya maji. Viatu ni muhimu, ndiyo: vya kufunga, vyenye meno chini, wala si ndala. Nguo ya kubadili iwepo. Mtoto ajue pia kwamba bondeni simu mara nyingi haishiki, kwa hiyo asitegemee kupiga. Lakini jambo linalosahaulika ni kumwambia mtoto waziwazi, usiku wa kuamkia safari, kwamba mnaweza kurudi kabla ya kufika na mama au baba hatasikitika. Mtoto aliyeambiwa hivyo hatakuwa wa kwanza kupiga kelele za "twendeni". Anaweza hata kuwa wa kwanza kuona rangi ya maji. Na kama safari ni ya familia yenyewe, bila shule, basi baba akubali mapema kwamba mwenyeji wa mahali akisema turudi, yeye hataanza kuhesabu pesa ya mafuta mbele ya watoto.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka ule wa 2019 haukuishia Naivasha. Oktoba, mvua za vuli zilisababisha mafuriko mkoani Tanga, watu wakafa wilayani Handeni na barabara zikakatika. Hapo hapakuwa na utalii wowote. Mtoto aliyejifunza kusoma maji kwenye matembezi anayasoma pia akiwa njiani kwenda shule, anapofika kwenye kijito ambacho jana kilikuwa kikavu.

Jioni ile grupu la wazazi lilichemka. Mzazi mmoja alitaka kila mtoto arudishiwe Sh10,000, kwa hoja kwamba safari haikukamilika. Mwingine aliandika kwamba mtoto wake amelala na njaa ya kuona maporomoko. Zikafuata alama za kucheka. Mwalimu alijibu mara moja, kwa upole, kisha akanyamaza. Mama wa machungwa alisoma yote. Aliandika ujumbe mrefu kuhusu jani bichi, akausoma tena, akaufuta, akaandika mfupi: "Mwalimu, ahsante kwa kuwarudisha. Na huyo mwongozaji mfikishie salamu." Wazazi wawili waliweka kidole gumba. Wengine wakaendelea na habari ya pesa.

Binti alikuwa amelala saa moja usiku, na viatu vyake vya matope vimeegemezwa kwenye mafiga vikauke. Simu ikaita. Alikuwa bibi.

"Wamerudi?"

"Wamerudi, mama. Hawakufika kwenye maporomoko. Walirudishwa njiani."

"Mvua?"

"Anasema jua lilikuwa linawaka. Hata huku kwetu halikupita tone."

Bibi alikaa kimya kidogo. "Huyo kijana aliyewarudisha ni wa wapi?"

"Sijui. Wa hukohuko mlimani, nadhani."

"Haya. Jumamosi mlete mtoto anieleze hao mbega. Na machungwa usisahau, yale ya juzi yalikuwa makali."